Wiki Moja Kabla ya Kliniki

Mdogo wangu ni fundi saa. Nasema ni, sisemi alikuwa, na atakayenisahihisha tutakosana. Meza yake bado ipo chini ya ngazi za lile jengo lenye duka la madaftari, kioo chake nakifuta mwenyewe kila Jumatatu, na bisibisi zake zimesimama kwenye kopo kama alivyozipanga. Watu walimbatiza jina la Sekunde tangu ujana wake. Ukimuuliza saa ngapi hakwambii saa nne na nusu. Anakwambia saa nne na dakika ishirini na nane, anasubiri kidogo, halafu anasema, sasa tisa.

Nimemlea mimi. Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka sita, mimi kumi na tisa, na wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi ya kufua nguo kwenye shule ya bweni. Tukapewa chumba kimoja nyuma ya dobi, jengo la kufulia. Nilikuwa na shuka mia tatu na arobaini za kufua, na kila shuka ilipigwa namba kwenye pindo kwa wino usiotoka. Shule niliishia darasa la pili. Herufi nazisukuma moja moja kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani, lakini namba nazijua, hakuna wa kunidanganya kwenye namba. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua saa ya ukutani ya pale dobi, iliyokuwa ikichelewa tangu niijue. Nilimchapa kwa kuifungua. Alipoifunga ikaenda sawasawa, nikamnunulia bisibisi yake ya kwanza. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Akaoa, akapata binti mmoja, mke akafariki, binti akaolewa mbali. Mimi nilipostaafu nilikuwa nimejenga vyumba viwili, nikamwambia aje tukae. Akaja na begi moja na saa kumi na nne.

Nianze na habari ya chai, kwa sababu ndiyo iliyotangulia, ingawa hatukuijua.

Kushoto kwa meza yake, hatua mbili tu, anakaa fundi viatu. Wamekaa hivyo miaka kumi na sita. Kila asubuhi fundi viatu alimimina chai kutoka kwenye chupa yake, akanyoosha mkono, na Sekunde akaipokea bila kuinua kichwa, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa kwenye jicho. Hawakuwa hata wanaongea. Mkono unakwenda, mkono unapokea. Basi asubuhi moja mkono ukaenda, haukupokelewa. Fundi viatu akashika kikombe mpaka bega likachoka. Kesho yake tena hivyohivyo. Siku ya tatu akasema kwa sauti kwamba kuna watu saa zimewatajirisha, hawanywi tena chai ya wavaa ndala. Mdogo wangu hakujua kwamba anasemwa yeye, akacheka. Kile kicheko ndicho kilichomaliza urafiki. Wakawa wanakaa hatua mbili, kila mmoja na kimya chake.

Na wengine wakaanza. Mwenye duka la madaftari aliniambia siku hizi Sekunde ukimsalimia kwa ubavuni anakupita kama nguzo. Nilimjibu kwamba mtu mwenye kazi za mikono hana muda wa salamu za ubavuni. Nyumbani alikuwa anagonga bega kwenye fremu ya mlango, anamimina maji pembeni ya glasi. Nikamwambia anatembea kama mlevi. Akasema nyumba yako ndogo, Dada. Nikakubali, maana kweli nyumba ni ndogo. Kuhusu macho sikuwaza. Alikuwa anaokota skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta kwa koleo, na uzi wangu wa sindano alikuwa ananitungia yeye, mara moja tu, umepita. Mtu wa hivyo utamwambia ana ugonjwa wa macho?

Kliniki tulikwenda kwa ajili ya miwani ya kusomea, basi. Muuguzi akamdondoshea dawa ya ganzi, halafu daktari, binti mdogo mwenye sauti ya chini, akamketisha kwenye mashine, akasogeza taa ndogo ya bluu mpaka ikagusa jicho lenyewe. Mdogo wangu alisema hakusikia kitu. Daktari akaandika kwenye daftari letu la kliniki namba mbili, thelathini na moja kulia, thelathini na nne kushoto. Akatueleza. Ndani ya jicho mna maji, yanaingia na yanatoka. Njia ya kutokea ikiziba, maji yanasukuma, na yanachokisukuma ni mshipa wa nyuma unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa unakufa kidogo kidogo, unaanzia pembeni, na hauumi hata kidogo. Wenyewe wanaita glakoma. Watu wa benchi la kusubiria wanaita presha ya macho.

"Kilichopotea hakirudi, mzee," alimwambia. "Kazi yetu ni kulinda kilichobaki."

Mimi nikauliza, namba inatakiwa ngapi. Akasema kwa kuanzia tushuke chini ya kumi na nane. Hilo nikalishika. Mengine yote aliyosema siku ile yaliingia yakatoka, hilo moja likakaa. Kulikuwa pia na kipimo cha pili, cha upana wa kuona, lakini mashine yake ilikuwa imeharibika, inasubiri kifaa. Tungepima ikipona. Dawa ilikuwa kichupa kidogo, tone moja kila jicho, kila jioni, bila kuruka.

Wiki tatu za kwanza sikuruka. Lakini asubuhi macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha baa, yanatoa maji, na kile kioo cha fundi kikibanwa kwenye jicho kinapata ukungu. Siku moja mama mmoja alikuja kuacha saa ya marehemu baba yake. Akamwangalia Sekunde, akairudisha saa kwenye mkoba, akasema hawezi kumwachia mlevi kitu cha marehemu. Mdogo wangu hajaonja pombe tangu azaliwe. Jioni ile alikaa kwenye kiti chake na mikono imelala mapajani, akaniambia, Dada, leo acha. Nikaacha. Kesho yake hakusema kitu, nami sikukumbusha. Macho yakawa meupe, kazi ikaenda.

Ilipokaribia siku ya kliniki nikamkumbuka mkaguzi.

Pale shuleni mkaguzi wa usafi alikuja mara mbili kwa mwaka, na tarehe tuliijua. Wiki moja kabla tulikuwa hatulali. Tunachemsha, tunatia wanga, tunapiga pasi mpaka pindo linasimama lenyewe. Akiondoka tunashusha pumzi na maisha yanarudi kama kawaida. Miaka thelathini na moja mkaguzi hakukuta shuka yangu hata moja ina doa. Nilipewa cheti, kipo ukutani mpaka leo. Basi nikafanya kama nilivyozoea. Siku saba kabla ya kliniki nikatoa kichupa kabatini, nikamwambia inua uso. Siku ya saba tukaenda. Kumi na saba kulia, kumi na saba kushoto pia.

Daktari akatabasamu, akatupa hongera. Mimi nikaibeba ile hongera mpaka nyumbani kama mtoto mchanga.

Baada ya hapo ukawa ndio utaratibu. Kwenye kalenda ya jikoni nilizungushia duara siku ya kliniki, nikapiga mstari siku saba za nyuma yake. Katikati ya hapo kichupa kilikaa kabatini, nyuma ya chupa ya chumvi, na mdogo wangu akafanya kazi na macho meupe. Kila miezi mitatu tulikwenda, na daftari likajaa vizuri. Kumi na saba. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na sita, kumi na sita. Kwenye benchi nilikuwa nalifungua wenzangu waone. Kuna mzee mmoja, dereva mstaafu, ambaye namba yake ilikuwa haishuki chini ya ishirini na nne, na nilimsema sana. Nilimwambia huyo anayemtunza hafai. Akanijibu kwamba mimi nilistahili kuajiriwa pale. Nikasema wangeniajiri, wale wauguzi wote wangekosa kazi. Benchi zima likacheka, na mdogo wangu akacheka pia, akiwa anaangalia mbele moja kwa moja.

Daktari hakuacha kuuliza. Dawa anaweka kila siku? Nami nilijibu kabla mwenzangu hajafungua mdomo. Kila siku, daktari. Yeye alikuwa anainamia viatu vyake. Sikuona kama nadanganya, na sisemi hivi ili nionewe huruma. Mimi niliona namba ndiyo ugonjwa. Namba nzuri, basi ugonjwa haupo. Shuka ikiwa nyeupe siku ya ukaguzi, nani anauliza ilikuwaje Jumanne iliyopita?

Ikapita miaka miwili na ushee hivyo.

Mambo ya nyumbani niliyaona, nisingizie nini. Aliacha kuvuka barabara peke yake. Alianza kufunga koleo na bisibisi kwa uzi kwenye mguu wa meza, maana kikianguka kitu kimepotea. Siku moja nilimkuta amepiga magoti chini ya ngazi, anapapasa sakafu kutafuta gurudumu la saa, na gurudumu lilikuwa linang'aa kando ya goti lake. Fundi viatu alikuwa anamtazama, nyundo mkononi. Nikaliokota nikampa. Nikamwambia uzee. Ana miaka sitini na mbili, mimi sabini na tano, na mimi gurudumu niliona. Binti yake alipopiga simu kuniuliza, Shangazi, baba anaendeleaje na macho, nilimsomea namba kwenye daftari, zote, kuanzia ya juu. Akasema Mungu akubariki Shangazi. Nikasema amina.

Kliniki ya mwisho ya zile za uongo, daktari alimtazama nyuma ya jicho muda mrefu kuliko kawaida. Akabadilisha kiti, akatazama tena. Akasema namba na mshipa haviongei lugha moja. Akauliza kama ile mashine ya upana imepona, wakasema imepona tangu wiki iliyopita, akatupeleka mwenyewe mpaka mlangoni.

Chumba kilikuwa na giza, na mpimaji alikuwa kijana mwenye sauti ya usingizi. Mashine yenyewe ni kama bakuli jeupe kubwa lililolazwa ubavu. Unaweka kidevu, jicho moja linafunikwa, unashikishwa kitufe. Uangalie nukta ya katikati tu, macho yasizunguke, na ukiona kijitaa popote, juu, chini, pembeni, unabonyeza. Nilipewa kiti nyuma yake kidogo, na kwa juu ya bega lake niliweza kuona ndani ya bakuli.

Kijitaa kikawaka juu kulia. Kidole gumba chake kimelala. Kikawaka chini. Kimelala. Kikawaka pembeni kabisa, kikazima, kikawaka kingine, na mimi bila kujua nilikuwa nabonyeza kidole changu kwenye kiganja, kila taa, kama ningeweza kumwonea. Nilihesabu taa kumi na moja na kidole hakijaamka. Halafu kikaanza. Bonyeza, bonyeza, bonyeza, sawasawa kabisa, hakikosi. Moyo wangu ukatulia. Nikasema sasa amezoea.

Mpimaji akasimamisha mashine.

"Mzee, unabonyeza hata pale ambapo sijawasha kitu."

Mdogo wangu akasema, kwa heshima tu, kwamba mashine inatoa kijisauti kabla ya taa, na mapigo yake ameshayajua, inakwenda kama saa ya ukutani yenye springi iliyochoka. Kwa hiyo anajua taa inakuja lini. Kijana akacheka, halafu akaona sisi hatucheki.

"Basi sahau saa, mzee. Nibonyezee kwa macho."

Wakaanza upya. Safari hii alibonyeza kwa macho, na chumba kikawa kimya sana.

Karatasi zilitoka mbili, moja kila jicho, zote nyeusi. Jicho la kulia lilikuwa na doa jeupe katikati, upana wa kifungo cha shati. La kushoto halikuwa na hata hicho kifungo, kulikuwa na mchirizi. Daktari aliziweka mezani, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Ndiyo maana skrubu aliiona, akasema. Ndiyo maana uzi alitunga. Kilichobaki ni katikati tu, na katikati ndipo saa inapokaa. Zile salamu za ubavuni, ile chai, lile gurudumu kando ya goti, vyote vilikuwa kwenye ule weusi.

Halafu akasema jambo jingine. Kama presha imekaa kumi na sita miaka miwili yote na mshipa bado umekufa hivi, maana yake kwa mzee huyu hata kumi na sita ni nyingi. Dawa imefika mwisho wake. Inabidi apasuliwe, maji yatobolewe njia nyingine, na aanze na jicho la kulia, maana ndilo lenye cha kuokoa. Hakutuficha. Kwa mtu aliyebakiwa na kidogo hivyo, mara chache hutokea kwamba upasuaji wenyewe unakizima kile kidogo. Anaingia anaona, anatoka haoni. Akatutazama wote wawili, akauliza kwa mara ya mwisho, taratibu, kila neno peke yake.

"Dawa amekuwa akiweka kila siku?"

Karatasi nyeusi ziko mbele yangu. Nikafungua mdomo.

"Kila siku, daktari."

Lilitoka lenyewe, kwa mazoea, kama jina langu. Nikasubiri mdogo wangu aseme. Hakusema. Aliinamia viatu vyake, halafu akainua uso, akautafuta uso wa daktari mpaka akaupata, akasema amekubali kupasuliwa. Wakamwandikia siku ya tisa kutoka pale.

Tulirudi kwa miguu, nimemshika kiwiko. Karibu na nyumbani nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningekuaibishaje mbele ya yule daktari mtoto, Dada? Wewe ulinilea."

Nikamwongoza mpaka mlangoni, nikatafuta ufunguo.

Siku ya kwanza nikasema kesho nitakwenda kumwambia daktari. Siku ya pili mvua ilinyesha. Siku ya tatu mvua haikunyesha na sikwenda. Nilikuwa naangalia kile cheti ukutani na kuona aibu kukiangalia, na bado nikasema labda daktari anajua zaidi, labda kupasuliwa ndiko kuzuri. Mdogo wangu alikuwa anazunguka nyumba akigusa vitu, mgongo wa kiti, kona ya meza, komeo la dirisha. Nilidhani anatafuta kitu. Kumbe alikuwa anajifunza nyumba kwa mikono, akijiandaa. Nilimuuliza unafanya nini, akasema anahesabu hatua. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni tisa.

Siku ya tano alinituma nikafunge meza yake na kurudisha saa za watu. Nilipokuwa napanga, fundi viatu akaongea bila kuinua kichwa. Akasema nimwambie ndugu yangu kwamba anamdai salamu za miaka miwili, na akija alipe na riba. Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wenye ndimu. Siku nyingine ningemjibu, na angejuta. Siku ile nilikaa kwenye kiti cha mdogo wangu, nikamwambia haoni pembeni. Nikamwambia tangu lini. Nikamwambia na dawa, na kabati, na mstari wa siku saba kwenye kalenda, nikamwambia yote, mtu ambaye sikuwahi kumwambia hata bei ya viatu vyangu.

Akaiweka nyundo chini.

"Kwa hiyo ile chai hakuiona," alisema.

"Hakuiona."

"Na mimi nimemnunia miaka yote hii." Akaokota kiatu, akakirudisha chini. Hakuniuliza kwa nini sikusema mapema. Aliniuliza kama daktari anajua habari ya kabati. Nikasema hajui. Akaangalia saa nyuma ya kioo cha meza ya mdogo wangu, zile chache zilizokuwa zinakwenda, akasema kliniki inafungwa saa tisa, na sasa ni saa saba na nusu.

Nilikwenda peke yangu. Daktari alidhani nimekuja kuuliza cha kuleta siku ya upasuaji. Nikakaa, nikamwekea daftari mezani, nikasema wiki moja. Hakuelewa. Nikasema hizi zote ni za wiki moja kabla ya kuja hapa, siku nyingine hajaweka, na aliyejibu ni mimi, yeye hajawahi kukudanganya hata siku moja.

Nilitaka anigombeze. Ningegombezwa ningejibu, ningepata pa kushika. Hakunigombeza. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya namba zangu, moja baada ya nyingine, kumi na saba, kumi na sita, zote mpaka chini. Akasema yeye alikuwa anatibu wiki moja tu, miezi mitatu hajaiona. Akaufuta upasuaji kwenye kitabu chake kwanza. Aweke dawa kila jioni mwezi mzima, na kuhusu ule wekundu akambadilishia kichupa, akampa kingine kisichowasha sana. Nikamuuliza kichupa hicho kilikuwepo siku zote? Akasema kilikuwepo, ila hakuna aliyemwambia kwamba kile cha kwanza kinamsumbua. Halafu akasema hatanipa tarehe. Atanipigia simu siku yoyote, na siku hiyohiyo nimlete.

Mwezi ulipotimia alipiga, Jumatano moja asubuhi, nina nguo kwenye beseni. Tukaenda na mikono yangu ina povu. Ganzi, taa ya bluu, kulia, kushoto. Akaandika chini ya mistari.

Kumi na nne. Kumi na tano.

Hazijawahi kuwa nzuri hivyo. Daktari aliziangalia, na mimi nikaziangalia, na furaha haikuja. Akasema basi hatapasua kwa sasa, dawa inafanya kazi, inafanya kazi vizuri kabisa. Nilijua jibu, lakini nilitaka nilisikie kwa mtu mwingine.

"Na tangu mwanzo ingefanya?"

Alifunga kalamu yake kwanza.

"Ingelinda kingi, bibi."

Mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale, amesikia. Aliunyoosha mkono wake, ukapita hewani, ukanikosa, ukarudi, ukanipata begani. Akasema twende, Dada, nguo zitavunda kwenye beseni.

Sasa hivi saa za mkononi hazitengenezi tena. Za ukutani anazisikiliza, anakwambia kinachoumwa, na kijana wa duka la madaftari anafungua yeye akielekeza. Siku nyingine wanafanikiwa. Siku nyingi anakaa tu. Fundi viatu amehamisha kiti chake, ameacha kushoto alikokaa miaka yote, amekuja mbele ya meza, anazuia njia ya watu na hataki kusikia. Anasema, chai, Sekunde, mbele yako, anakiweka kikombe kwenye kiganja na havuti mkono mpaka vidole vimefunga. Hawajawahi kuongelea ile habari.

Kliniki tunakwenda wakituita. Kwenye benchi daftari silifungui. Yule dereva mstaafu aliniuliza namba zetu, nikamuuliza za kwake, akasema ameshuka mpaka kumi na tisa. Nikamwambia amtunze huyo anayemtunza.

Na kila jioni, kabla ya giza, namkalisha kwenye kiti cha dirishani. Tone moja kulia, tone moja kushoto. Baada ya tone anatakiwa afumbe na kubana kona ya jicho kwa kidole, karibu na pua, dakika mbili, ili dawa isikimbilie kooni. Saa haihitajiki. Anahesabu mwenyewe kimoyomoyo, nimeshawahi kumpima na saa ya ukutani, hakosei hata sekunde moja. Wakati anahesabu mimi nasimama mbele yake, sisimami pembeni tena. Juzi alibana, akahesabu, na kabla ya kufumbua akaniambia kama anayetania:

"Dada, hii si wiki ya kliniki."

"Ni jioni tu," nikamwambia. "Inua uso, bado la kushoto."